Makwite ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alipoanza kukataa chakula, nilikuwa nimekaa kwake miaka mitatu na sikuwa nimemtazama usoni hata mara moja. Najua vijana wa leo mtacheka. Chekeni tu. Mimi ni binti wa Makete niliyeolewa Njombe enzi za Mwingereza, na kwetu kama kwao, mke wa mtoto hakai mbele ya baba wa mumewe. Hamtaji jina, hamsemeshi, na akimwona anakuja njiani anaingia majanini mpaka apite. Haikuwa chuki wala woga. Ilikuwa heshima, na nawaambia heshima ile ilichosha kuliko jembe.

Mama mkwe alipokuwa hai mambo yalikwenda, maana yeye ndiye aliyekuwa katikati. Mimi napika, yeye anapeleka. Mzee anasema, yeye analeta. Akafa kwa kichomi wakati wa baridi. Hata matanga hayajapoa, mume wangu akajiandikisha kwenda kwenye mkonge huko Tanga, kama walivyofanya wanaume wengi wa upande wetu. Siku ya kuondoka alisimama penye lango la ua, blanketi lake begani, akaniambia, "Nitunzie baba. Nikirudi nimkute." Nikasema ndiyo. Nilisema haraka haraka, kama mtu aliyetumwa maji kisimani.

Tukabaki wawili. Mtoto sikuwa nimejaliwa bado, na wifi zangu walikuwa wameolewa mbali. Mzee alikuwa na nyumba yake ya vyumba viwili, mimi na yangu, na ua mmoja. Asubuhi alikuja jirani, mzee mwenzake, akamwogesha na kumtoa juani, nami nikajificha jikoni mpaka warudi ndani. Mchana nilipeleka chakula chumba cha nje, palipokuwa na moto. Kati ya chumba kile na cha ndani alikolala hapakuwa na mlango wa ubao, palining'inizwa mkeka. Nilikuwa naweka bakuli chini, mbele ya mkeka, nakohoa, naenda zangu kwenye moto nikageuka upande wa pili. Mkono unatoka, unavuta bakuli. Mkono ule ndio niliokuwa naujua. Ulikuwa na kidole kimoja kilichopinda.

Mtu na mtu wakikaa hivyo lazima watafute njia. Mimi nilikuwa nasema na chungu. "Chungu, leo kuni zimelowa, chakula kitachelewa." Yeye alikuwa anasema na fimbo yake. "Fimbo, aliyeacha mlango wazi ameingiza kuku." Nikasikia, nikamtoa kuku, nikamwambia chungu kwamba kuku wa siku hizi hawana adabu. Tulielewana. Kuna wake na waume wanaoishi nyumba moja miaka ishirini na hawaelewani vile.

Lakini kitu kilichokuwa na ruhusa hasa kilikuwa barua. Mume wangu aliandika kila baada ya miezi miwili mitatu, na mzee macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, haoni ila mwanga. Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka nikajua kusoma Biblia bila kukwama. Basi barua ikija nakaa karibu na moto, naisoma kwa sauti: "Mpendwa baba, shikamoo. Mimi hapa ni mzima, hofu ni kwenu huko nyumbani." Mdomo ni wangu lakini maneno ni ya mtoto wake, kwa hiyo hapana kosa. Na barua zote zilikuwa za Kiswahili, kwa kuwa ndicho tulichofundishwa kuandikia. Kibena kilikuwa cha kuishi, Kiswahili cha barua. Nilipenda kuzisoma kuliko hata yeye alivyopenda kuzisikia, maana ndiyo saa pekee niliyoweza kusema "baba" mle ndani na mtu asinishangae.

Mahindi yalipoanza kubeba, bakuli likaanza kurudi limejaa. Ugali haukuguswa. Nikaleta viazi, vikarudi. Nikapika maharage yakalainika mpaka yakawa uji, yakarudi vilevile na kijiko kimesimama katikati. Siku mbili za kwanza nilifikiri ni tumbo. Siku ya tatu nikaona ananidharau. Siku ya nne nikaogopa. Jirani aliyekuwa akimwogesha aliniambia kwamba mbavu zinahesabika. Na mimi nilikuwa nayasikia yale maneno ya langoni kila ninapochochea moto: nikirudi nimkute. Mkataba wa mume wangu ulikuwa unakwisha baada ya Pasaka. Nilihitaji mzee afike hapo tu, ale, akae, mtoto wake aingie amkute anapumua.

Hasira zangu ziko karibu, sijawahi kuficha. Nikamwambia chungu kwa sauti kubwa, "Chungu, mimi na wewe tunajisumbua bure. Tungekuwa tunapikia mbwa tungeshukuriwa." Halafu nikasikia fimbo inagongwa polepole sakafuni. "Fimbo," akasema, "mdomo umekuwa kama majani makavu. Kama yangekuwepo makwite, ningejaribu."

Sikujua kwite ni nini. Jirani ndiye aliyenieleza. Mzee alipokuwa kijana alilima bustani ya misheni, wakati wa Wajerumani wa kanisa. Walikuwa na pichi, na plamu, na hilo kwite walilokuja na mbegu yake kutoka kwao, na mzee ndiye aliyeipanda ile miti kwa mikono yake. Vita vilipoanza Mwingereza akawachukua wale Wajerumani, bustani ikabaki. Waliokuja baada yao walikuwa watu wema lakini bustani haikuwa kazi yao.

Nikaenda. Ni mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu, unavuka mto mara mbili. Bustani ilikuwa imekuwa msitu. Miti ya pichi ilikuwa imekufa, magugu yamefika kifuani. Nilizunguka mpaka nikakata tamaa, nikakaa chini kula kiazi changu, ndipo nikasikia harufu. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa tamu, lakini si tamu ya kula, ni tamu ya kitu kilichofungwa sandukuni pamoja na nguo za sikukuu. Nikaifuata harufu ile hadi kwenye miti mitatu iliyopinda, mifupi, yenye matawi yaliyoshikana kama watu wanaogombana. Juu yake matunda ya manjano, makubwa kuliko ngumi yangu, yamefunikwa na manyoya ya kijivu kama kifaranga. Mtunza kanisa alikuja kuona nani yumo magugani. Nikamwomba. Akasema chukua, hata ndege hawayali.

Nilichuma tenga zima. Njiani nikauma moja. Mdomo wote ukajifunga, ulimi ukawa kama umepakwa udongo wa kukandikia nyumba. Nikatema, nikalitazama lile tunda, nikajiambia kumbe si bovu, ni bichi.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa la mtu wa kwetu. Kwetu tunda gumu dawa yake ni kulivundika. Nikachimba shimo nyuma ya jiko, nikaliwashia moto likapata joto, nikatandika majani, nikapanga makwite yangu kama ndizi, nikafunika, nikapaka udongo. Siku tano. Kila siku nilimwambia chungu, "Vumilia, kuna kitu kinaiva." Mzee kule ndani anakunywa uji vijiko viwili anaacha. Siku ya sita nikafukua. Manne yameoza. Mengine yote magumu vilevile, ila sasa yananuka zaidi, mpaka khanga yangu na nywele zangu zikanuka kwite. Kanisani Jumapili watu waligeuka kunitazama.

Basi nikafikiri tena, na nikafikiri vibaya zaidi. Mahindi ya zamani yasiyoiva tunayafanyaje? Tunayachemsha na maji ya majivu. Nikakata makwite kwa shoka, ndiyo, kwa shoka, kisu kilishindwa, nikayatumbukiza na maganda yake, nikamimina maji ya majivu. Yalilainika kweli. Yakawa na rangi ya matope, yanateleza, yananuka sabuni. Lakini yamelainika, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikajaza bakuli, nikaweka mbele ya mkeka, nikakohoa, nikageuka. Mkono ukatoka. Nikasikia kijiko. Kikanyamaza muda mrefu. Kikaanza tena. Bakuli likarudi tupu.

Nilifurahi mpaka nikacheza peke yangu jikoni. Kumbe mimi fundi. Nikapika hivyohivyo kesho yake, na kesho kutwa, na mara zote tatu bakuli lilirudi limekombwa. Mara ile ya tatu nikaona yamebaki kidogo chunguni, nikasema ngoja na mimi nionje hiki kitu cha Wajerumani. Nilitema motoni. Sijawahi kula sabuni lakini nadhani ni afadhali. Nikakaa chini, nikasema maskini huyu mzee, ulimi wake umekufa kabisa, hasikii tena chochote.

Kulikuwa na bibi mmoja mjane, jirani na misheni, aliyekuwa mpishi wa wale Wajerumani. Nikaenda kwake kwa aibu zangu. Nilipomweleza alicheka akashika mbavu, akaita binti yake aje asikie. "Unampikia mkweo sabuni, naye anakula? Huyo ni mkwe wa namna gani?" Alipomaliza kunicheka akanifundisha. Kwite hufutwa kwanza kwa kitambaa mpaka manyoya yaishe. Hukatwa, hapo kwenye shoka nilikuwa sahihi. Maganda na kokwa havitupwi, hufungwa kwenye kitambaa safi na kuchemshwa pamoja nalo, maana ndivyo vinavyolishikisha. Maji kidogo tu. Moto mdogo, wa kuni moja ya mti wa mwati, na mfuniko. Likilainika unatia sukari, halafu unaondoka na kuliacha, huligusi, hulikorogi kama ugali. "Litageuka rangi lenyewe," akasema. "Usipoona rangi, bado."

Sukari. Wakati ule sukari Njombe ilikuwa ya kusikia. Lakini Makambako, kwenye njia panda, kulikuwa na Mhindi ambaye mara nyingine alikuwa nayo, na Makambako ndiko malori yaliyoleta watu wa mkonge yalikowashusha. Pasaka ilikuwa imepita. Nikaona Mungu amepanga: nitamngoja mume wangu, nitanunua sukari, nitarudi na vyote viwili. Nikamwomba jirani amwangalie mzee, nikapanda lori la magunia ya viazi.

Makambako ya siku zile ilikuwa upepo na vumbi na maduka machache ya bati. Nililala siku mbili kwa mama mmoja aliyekuwa anauza uji kwa madereva. Siku ya tatu lori likaja. Walishuka wanaume wengi, wamekauka, wana masanduku mapya ya mbao. Nilitazama kila uso. Nilitazama hata wazee. Mwisho akaja mtu wa kijiji cha jirani, akanisalimia bila kunitazama vizuri, akanipa barua.

Niliisoma nimesimama pale pale. Alikuwa ameongeza mkataba. Alitaka akirudi arudi na mabati, aezeke nyumba ya baba yake, mzee asinyeshewe. "Mwambie baba avumilie." Jamani. Nilikasirika. Babake anakufa, yeye anawaza paa. Nilitaka kuichana ile barua, nikashindwa kwa kuwa karatasi ilikuwa na mwandiko wake na nilikuwa nimemkumbuka. Nikaikunja, nikaingia dukani, nikanunua sukari. Nililia njia nzima juu ya magunia, na dereva akadhani nimefiwa.

Nilipofika nyumbani jirani akaniambia mzee ameniulizia. Yaani ameuliza fimbo. Nikawasha moto kwenye chumba cha nje, nikakaa, nikatoa karatasi, nikaikunjua. Alikuwa anangoja nyuma ya mkeka, nasikia pumzi yake. Nikaanza: "Mpendwa baba, shikamoo. Mimi hapa ni mzima, hofu ni kwenu huko nyumbani." Mpaka hapo ilikuwa kweli. Halafu macho yangu yakafika kwenye mkataba, na mdomo wangu ukakataa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Baba, lori lilijaa. Nitakuja na lori lijalo. Wewe kula, upate nguvu, nikukute."

Nilijua ni dhambi. Nilijua wakati ule ule. Kule ndani akasema, "Fimbo, lori lijalo si mbali."

Nikapika kwite kama nilivyofundishwa. Nilikaa mbele ya chungu kile mchana kutwa nikijizuia mikono. Mwanzo yalikuwa meupe tu, nikaanza kumlaani yule bibi. Jua lilipoanza kushuka nikafunua mfuniko, nikaona yamekuwa mekundu, rangi ya udongo wetu baada ya mvua, na mchuzi wake umeshika. Nyumba yote ilinuka. Nikapeleka. Kijiko hakikunyamaza hata mara moja. "Fimbo," akasema mzee akimaliza, "leo ndiyo kwite." Nami ndipo nilipotambua kwamba ulimi wake ulikuwa hai siku zote.

Alikula. Si sana, lakini alikula, na akila kwite aliweza na uji kidogo nyuma yake. Mimi nikawa natoa barua kila baada ya siku chache. Lori la pili likaharibika. La tatu likakwama Iringa. Karatasi ilikuwa ile ile moja, lakini barua zilikuwa nyingi, na kadiri nilivyozoea nikaanza kuweka na ya kwangu. "Baba, usikae juani bila blanketi, unatafuta kichomi." "Baba, dawa uliyopewa zahanati usiimwage nyuma ya kitanda, watu wanaona." Kiswahili changu kikawa kikali. Mzee akasema, "Fimbo, mkonge umemfundisha mwanangu maneno mengi," nami nikaficha uso kwenye magoti kwa kucheka, halafu nikaona aibu.

Baridi ikaingia. Asubuhi sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya majani ya maboga. Makwite tengani yalibaki kumi na kitu. Mzee akaacha kutoka nje. Siku moja, saa za mchana, moto unawaka, nilikuwa nimeshaweka bakuli na kugeuka, ndipo fimbo ikagongwa. "Fimbo, mwambie mwenye kalamu akae. Nina barua ya kumjibu mwanangu."

Nikaleta karatasi na penseli. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, akinipa nafasi, na mimi nikaandika kila neno.

"Mwanangu, salamu. Barua zako zote nimezisikia. Zote zimo kwenye karatasi moja, mkunjo wake umechakaa, nausikia. Kwamba umeongeza mkataba jirani aliniambia siku ile ile lori lilipofika, aliambiwa na mwenzako aliyeleta barua. Sina kinyongo. Mabati ni kitu kizuri. Mkeo amenipikia makwite kwa majivu, nikala. Mara tatu. Nilikula kwa sababu nilimsikia akicheza jikoni. Amenipikia kwa sukari, nikala. Sikuwa nakungoja wewe, mwanangu, usinielewe vibaya. Mtu wa umri wangu hangoji lori. Nilikuwa nakula ili huyu binti asije akaamka asubuhi akakuta maiti, yuko peke yake, watu waseme amemuua mkwe kwa njaa. Sasa nimechoka kula nyuma ya mkeka kama mfungwa. Mwambie mkeo aingie na bakuli lake tule. Kama kuna kosa ni langu, mimi ndiye mwenye nyumba. Ni mimi baba yako."

Niliandika mpaka mwisho. Na mimi mjinga, kwa kuwa tulifundishwa shuleni kwamba barua ya mtu husomwa tena kabla ya kufungwa, nikaisoma yote kwa sauti tangu salamu. Nilipomaliza nikaikunja, nikasogeza bakuli lake karibu zaidi na mkeka, nikakohoa, nikarudi kwenye moto na kugeuka, kama siku zote.

Mkono haukutoka.

Nilikaa. Nilijua kwite linapoa na kushika. Nilimfikiria mama yangu kule Makete, angesema nini. Niliwafikiria wanawake wa kanisani. Nilijua kwamba nikiingia mle ndani hakuna atakayenipiga wala kunifukuza, ila kuna kitu nilichobeba tangu niolewe nitakiweka chini, na sikujua mikono yangu ingefanya nini bila hicho. Mkono bado haukutoka. Nikakasirika. Nashukuru hata leo kwamba nilikasirika, maana kwa upole peke yake nisingeinuka. Nikachukua bakuli lake, nikachota na langu, nikainua mkeka kwa bega, nikaingia.

Alikuwa mdogo. Miaka yote ile nilikuwa nimemjengea kichwani mwili wa mtu mkubwa, kwa ajili ya sauti, kumbe alikuwa mzee mdogo amekaa kitandani na blanketi, masikio makubwa kama ya mume wangu. Nikakaa chini kwenye ngozi, nikamshikisha bakuli. Akala kidogo. Akatafuna bila haraka, amegeuza macho yake meupe upande niliko.

"Sukari imezidi," akaniambia, kwa Kibena.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Tulikula hivyo siku kumi na mbili. Sikuzihesabu wakati ule, nilizihesabu baadaye, kwa makwite. Alinieleza walivyochimba mashimo ya ile miti, na kwamba mke wa yule Mjerumani alikuwa mchoyo wa sukari kuliko mimi. Akanifundisha kutia kipande cha tangawizi. Nilimuuliza kidole kile kilipindaje, akasema kilivunjwa na mbuzi, tukacheka. Asubuhi ya siku ya kumi na tatu nilipeleka uji, nikamkuta amelala upande wa ukuta, ameshapoa. Nilipoulizwa nani alikuwa naye nilisema mimi, na jirani aliyekuwa akimwogesha akasema ndivyo, na ikaishia hapo.

Mume wangu alirudi mvua zilipoanza, na mabati yake yamefungwa kamba juu ya lori. Nilikuwa nimeshamwandikia habari za msiba, akazipata njiani. Tulilia. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeogopa jibu, kama baba yake aliacha neno lolote kwa ajili yake. Nikaenda kuchukua ile barua. Sikuwa nimeipeleka posta. Nikampa, nikasema, "Hii alikuandikia wewe."

Akaisoma amesimama uani. Akaisoma mara ya pili, midomo ikitembea. Nilikuwa najiandaa kwa hasira zake juu ya zile barua za uongo, au juu ya mkeka, na nilikuwa na majibu yangu yote tayari. Aliikunja vilevile ilivyokuwa, akanishika mkono, akaniwekea ile karatasi kiganjani.

"Hapana," akasema. "Hii ni ya kwako."